Figo Nililolikataa

Hayes, London
Jumapili ya pili ya mwezi wa Novemba
Mwaka wa kumi na moja tangu niondoke nyumbani

Kaka Zakaria,

Kamwene. Najua ukiisoma salamu hii utaitikia kwa sauti kama vile nimesimama mlangoni, na shemeji Tula atauliza unaongea na nani. Mwambie ni Festo. Mwambie niko chumbani kwangu, nimevaa koti ndani ya nyumba, naandika juu ya sanduku kwa sababu meza imejaa dawa.

Goti lako linaendeleaje? Mwanangu Upendo aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unashuka shambani kwa fimbo, akaongeza kwamba nisikwambie kuwa yeye ndiye aliyeniambia. Basi nimekwambia, usimgombeze. Na mvua zimeanza huko? Huku mvua haianzi wala haiishi, iko tu.

Barua hii anakuletea mama mmoja wa Makambako ninayesali naye. Anakwenda kumzika baba yake, kisha atapita kwako. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe unasema na mimi naitikia, ndivyo tulivyokua. Kila nikitaka kulisema hili unaniambia, "Mdogo wangu, usiongee kama mgonjwa," na mimi naacha. Sasa nitasema mpaka mwisho. Ukiona hasira, weka karatasi chini, unywe maji, uendelee.

Hali yangu si nzuri. Sehemu hii usimsomee mtoto.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nikitoka kazini saa saba mchana napanda basi kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu. Nakaa kitini kwa muda wa saa nne, damu inatoka upande mmoja inarudi upande mwingine, nikisimama miguu inakuwa kama ya mtu aliyetembea kutwa nzima. Huu ni mwaka wa nne. Mshipa wa mkono wa kushoto, ule waliouunganisha ili sindano zipate pa kuingilia, uliziba mwezi wa nane na haukuzibuka tena. Sasa nina mpira ulioingizwa kifuani, chini ya mtulinga, na sioga kama watu, najifuta kwa kitambaa.

Jambo jingine hukuwahi kuniuliza, na mimi niliona aibu. Sikojoi, kaka. Mwaka wa tatu huu, hata tone. Maji yote ninayokunywa yanabaki mwilini mpaka mashine iyatoe. Kwa hiyo nina kikombe kimoja kidogo cha plastiki, nakunywa vichache kwa siku nikihesabu, na kiu ikinizidi nanyonya kipande cha barafu. Yale majani ya chai uliyonitumia nayafungua, nanusa, nafunga. Zile parachichi ulizopiga picha ukiwa umezishika mbili mbili na meno yote nje, kwangu ni sumu, zinaweza kusimamisha moyo. Nilikwambia zimependeza. Kweli zilipendeza.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Unakumbuka siku niliyokupigia mwezi wa tano, ukiwa kwenye mizani, watu wanapima chai na kelele nyingi? Simu ile ilikuwa fupi. Nadhani wewe umeshaisahau. Mimi naisikia kila siku.

Kwanza ujue kazi ninayofanya. Siku zote nakwambia ghala, na wewe unadhani napanga magunia. Mimi niko kwenye kona ya vitu vilivyorudishwa. Maboksi yanakuja yamebonyea, yamelowa, yamechanika, na kazi yangu ni kubandika karatasi nyekundu na kusukuma kwenye pipa kubwa la chuma. Hatufungui. Msimamizi alinifundisha siku ya kwanza kwamba kona ya boksi ikiwa imebonyea, kitu kimeharibika, na ukiwa na shaka, nyekundu. Hakuna anayekuuliza kwa nini umetupa. Wataulizia kile ulichokipitisha. Nimefanya hivyo miaka sita, mkono umeshazoea, hauningoji nifikiri.

Siku ile ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Wengine wote hawaruhusiwi kuingia na simu ghalani, mimi niliruhusiwa kwa sababu jina langu liko kwenye orodha ya wanaosubiri figo. Naivaa kiunoni ndani ya shati. Ikalia. Alikuwa muuguzi wa orodha, anaitwa Bridget, mama mzima, anaongea polepole kwa ajili yetu wageni.

Akasema, "Festo, umekula nini leo?"

Hilo ndilo swali lao la kwanza, maana anayekwenda kupasuliwa hatakiwi kuwa ameshiba. Nikaacha kubandika.

"Chai na mkate," nikamwambia.

"Usile tena kwanza. Kuna figo linaloweza kukufaa. Lakini nisikilize kabla hujafurahi."

Akanieleza. Aliyefariki alikuwa kijana, aliumia kichwa, akawekwa kwenye mashine ya kupumua siku kadhaa. Katika siku hizo presha yake ilishuka sana, damu haikufika vizuri kwenye mafigo, yakaumia. Vipimo vyake vilipanda. Lakini kabla ya ajali alikuwa mzima kabisa, hakuwa na kisukari wala presha, na wamekata kipande kidogo cha figo wakakitazama, ndani hakuna kovu la zamani. Akasema jeraha la namna hiyo mara nyingi hupona lenyewe likishawekwa kwa mtu mwingine. Akasema pia kwamba halitaamka siku ile ile. Litalala siku kadhaa, au wiki kadhaa, na muda wote huo nitaendelea na mashine. Na yapo yasiyoamka kabisa, hakunificha hilo. Madaktari wamelitazama, wao wanasema wangelichukua.

Nilisikia yote hayo, kaka. Nakuapia nilisikia kila neno. Kiingereza changu cha darasa la saba na cha ghalani kilitosha.

Nikamwambia, "Nipe dakika chache nimpigie kaka yangu."

"Kaka yako ni daktari?"

"Hapana. Ni kaka yangu."

Akasema, "Sawa, lakini usichelewe. Figo halisubiri, na kuna mwingine anayefuata."

Ningefanyaje? Mtu wa kwetu hakatwi tumbo bila mkubwa wake kujua. Baba alipokufa wewe ndiye uliyenipeleka shule, wewe ndiye uliyesema niondoke, wewe ndiye unayemlea Upendo tangu mama yake aolewe kwingine. Hata figo lako uliniambia nichukue, nikakataa kwa sababu ya presha yako. Nilikupigia nikiwa nimesimama katikati ya maboksi, kelele upande wako, kelele upande wangu.

Nikasema, "Kaka, wamepata figo."

"La nani?"

"La marehemu."

"Marehemu wa ukoo gani?"

"Hawasemi. Ni Mzungu, nadhani."

"Lina afya?"

Hapo ndipo nilipokosea. Maneno yote ya yule mama yalikuwa kichwani, ya presha kushuka, ya kovu kutokuwepo, ya kulala na kuamka. Ningeyasema tu. Lakini jicho lilikuwa kwenye boksi lililokuwa mbele yangu, na mkononi nilikuwa bado na karatasi nyekundu. Nikakwambia neno moja: "Limeharibika."

Uliyonijibu nayakumbuka yalivyo. Ulisema, "Limeharibika, halafu wanakupa wewe? Kwa nini wasimpe mtoto wa waziri wao? Hata mbuzi wa mahari humpelekei mkwe akiwa anachechemea. Waambie unasubiri zima."

"Wanataka jibu sasa hivi, kaka."

"Jibu si nimeshakupa? Pima hilo gunia vizuri wewe." Hilo la mwisho ulikuwa unamwambia mtu wa kwako pale mizani.

Nikampigia Bridget nikasema hapana. Akaniuliza, "Huo ni uamuzi wako, Festo?" Nikamwambia ni uamuzi wetu. Akasema ni haki yangu, na jina langu linabaki kwenye orodha. Simu ikakatika, nikabandika karatasi nyekundu mpaka saa saba.

Nimekueleza ili ujue kwamba wewe ulijibu swali nililokuuliza. Mimi ndiye niliyekuuliza swali bovu.

Kuna mtu simu zote hizi sijawahi kukutajia, anaitwa Kanti. Ni Mhindi, mzaliwa wa Mwanza, ana duka la vitambaa karibu na kituo cha treni cha Rayners Lane. Kiti chake cha mashine kilikuwa pembeni ya changu miaka yote mitatu. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, na mdomo wake ni mbaya. Siku ya kwanza aliponiuliza kwetu wapi, nikasema Mufindi, akainua sauti chumba kizima: "Fungeni mbwa wenu, Mhehe ameingia." Hakuna aliyeelewa ule utani wa Wahehe kula mbwa isipokuwa mimi. Nilicheka mpaka mashine ikapiga kelele. Nami nikamwambia afiche rula yake, maana tunajua wanavyopima kitambaa. Tangu siku hiyo zile saa nne zikawa zinapita.

Jumatano, siku moja baada ya simu ile, kiti chake kilikuwa kitupu. Nikamuuliza muuguzi, akasema tu kwamba ameitwa. Nikajua ameitwa kwa ajili ya figo. Wauguzi hawasemi figo la nani limekwenda kwa nani, na marehemu ana mafigo mawili, kwa hiyo mpaka leo sijui kama ni lile nililolikataa, au la pili yake, au jingine kabisa. Najua siku tu.

Baada ya wiki moja na nusu akarudi, anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, uso wa njano, amefunga barakoa. Wakamuunganisha kwenye mashine pembeni yangu kama zamani.

"Mzee, nilidhani umeshawekewa," nikasema.

"Nimewekewa. Limelala. Walinionya kwamba lilijeruhiwa kidogo huko lilikotoka."

"Linakoroma?"

"Kama mlevi wa kwenu Mafinga. Mke wangu ananiuliza kila asubuhi kama limeamka, namwambia punguza sauti, utalishtua."

Nikacheka naye. Lakini nitakwambia ukweli, kaka, kwa sababu barua hii haina maana kama nitaficha. Nilifurahi. Nilimwangalia alivyochanwa tumbo bure, amekonda, bado yuko kwenye mashine kama mimi, nikasema moyoni, kaka yangu ana akili. Usiku huo nililala vizuri. Mungu anisamehe.

Akaja Ijumaa, akaja Jumatatu. Ana chupa ndogo ya plastiki yenye mistari, anaipimia mkojo, anaandika kwenye daftari la dukani. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili akaniinulia chupa kwenye mwanga, chini kuna maji ya njano kiasi cha kujaza kijiko. "Tazama," akasema, "dhahabu ya Geita." Wiki ya tatu chupa ikafika katikati. Mimi nikaanza kutazama ukutani akija. Wiki iliyofuata daktari alisimama kitini kwake, akasoma karatasi ya damu, akamwambia leo hatuunganishi, nenda nyumbani.

Alirudi mara moja tu, kusalimia. Alisimama mlangoni kwa sababu hatakiwi kukaa na wagonjwa, ameleta boksi la ladu, vitamu vya kwao, la kugawia wauguzi. Alikuwa amesimama wima kama askari. Nilikuwa ndiyo nimemaliza, nikamfuata kwenye korido nikiwa bado nina plasta. Nikamwambia yote. Kwamba nilipigiwa siku ile kabla yake, kwa figo lililojeruhiwa, nikakataa.

Nilitegemea atanitukana. Nilitaka anitukane, anitajie mbwa, aniite mjinga wa milimani. Hakunitania. Alishika mkono wangu wa mshipa, ukiwa bado unafanya kazi wakati huo.

"Uliuliza nyumbani?" akasema.

"Niliuliza."

"Mimi nilimwambia mke wangu nikiwa tayari kwenye teksi."

Akanipa ladu moja kwenye karatasi. Sikuweza kula zaidi ya robo. Sijamwona tena. Kwenye kiti chake sasa anakaa mama mmoja Mkongo wa Bukavu, anasali kimya mashine ikianza na anasali tena ikizima. Hatuongei sana. Hana kosa, ni kwamba kile kwangu bado ni kiti cha Kanti.

Tangu hapo kazini nimekuwa nikifungua maboksi, msimamizi akiwa hayupo. Nakata utepe, natazama, narudisha. Birika la umeme zima. Sahani sita, zote nzima, pembe ya boksi tu ndiyo iliyobonyea. Nabandika nyekundu hivyo hivyo, maana ndiyo kazi, na nalisikia likivunjika linapofika chini ya pipa.

Mwezi wa kumi daktari aliniita ofisini, akafunga mlango. Moyo wangu umetanuka. Ni haya maji yanayokaa mwilini, na miaka, na ule mshipa. Akasema ukizidi kutanuka hivi, hautahimili kupasuliwa, na hapo itabidi waniondoe kwenye orodha. Nikamuuliza muda gani. Akasema hawezi kusema, lakini angekuwa ni yeye, asingekuwa anachagua sana.

Nilitoka nikakaa kwenye kituo cha basi. Ijumaa iliyofuata nilikaa hapo tena, ni siku ya mashine, nikapitisha mabasi matatu bila kupanda. Nilikuwa sitaki tena. Ndege huku zinapita chini sana, magurudumu yameshuka, unaona madirisha, na mimi kila ikipita nahesabu watu wanaofika wanakokwenda. Nilifikiri kwamba nikiacha tu, baada ya siku chache kazi yote hii itakwisha, na hakuna hata mtu wa kuniulizia kwenye kile kiti cha mashine. Wakanipigia kuuliza nimekwama wapi. Nikasema foleni. Basi la nne nikapanda. Sikwambii ili ulie. Nakwambia kwa sababu mara ya mwisho uliniuliza, "Huko raha?" nikasema kiasi.

Wiki jana Bridget alinipa karatasi ya kusaini. Inasema kama litapatikana figo lililojeruhiwa kwa mtu aliyekuwa mzima, niko tayari kupigiwa. Alinielezea yote upya, la kulala, la kuamka, na la kutoamka. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Unataka kumpigia kaka yako kwanza?" Hakuwa ananicheka. Alikumbuka tu.

Nikasema hapana. Nikasaini.

Ndiyo sababu ya barua hii, kaka. Sijawahi kufanya jambo kubwa bila wewe, na hili nimelifanya. Simu ikilia tena sitakuuliza. Nitasema ndiyo, nipande teksi, ndipo nikupigie. Kama ni kosa la adabu, nisamehe mapema, maana wakati huo hatutakuwa na muda wa kuombana msamaha. Na huenda simu yenyewe isilie. Tangu mwezi wa tano haijalia kwa ajili ya figo. Naivaa kiunoni hata kanisani, usiku naiweka juu ya kifua kando ya mpira, na kila ikitikisika ni mtu wa bima au ni wewe.

Msalimie shemeji Tula, mwambie sweta alilofuma linanitosha zaidi kuliko mwaka jana, nimepungua. Msalimie shangazi anayekaa nyuma ya kanisa, asiambiwe mambo ya moyo. Msalimie fundi Atilio aliyenifundisha kuendesha baiskeli, na mchungaji, aniombee kwa jina bila kueleza kanisa zima. Upendo mwambie baba yake ameipokea picha ya sare mpya na ameibandika ukutani juu ya kitanda. Aliniuliza mara ya mwisho nakuja lini, nikamwambia Desemba. Nilimdanganya. Alikuwa na miaka mitatu nilipoondoka, sasa anapiga hesabu mwenyewe, kwa hiyo mpe hesabu ya kweli.

Madaktari wanasema mtu akishawekewa figo, mwaka mzima asitoke mbali nao. Basi siku nitakayokupigia nikakwambia nimeshakubali, niko njiani hospitali, mwite Upendo aiandike tarehe hiyo kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Mkono wake una mwandiko mzuri. Kuanzia hapo hesabuni mwaka mmoja, na ukitimia niwekeeni maji kwenye kikombe kikubwa, nitakuwa nimefika.

Kabla ya simu hiyo, msihesabu.

Mdogo wako,
Festo